Jaketi la Kwenda Kasanga

Kifua cha Felisian kilishamlaza hospitali mara mbili, na mara ya pili daktari hakumung'unya maneno. Alimwita Bertilla pembeni kwenye korido akamwambia, "Mama Adela, pafu moja la mumeo limebaki jina. Analoishi nalo ni hilo lingine. Asilowe. Na akilowa, basi asipigwe na upepo. Nimonia ya tatu ikimpata, sitakudanganya, hatutakuwa na la kufanya."

Haya, sasa mwambie mtu anayeishi Sumbawanga asilowe wala asipigwe na upepo. Ufipa ile unaijua? Nyasi tupu mpaka macho yachoke, mti mmoja hapa na mwingine huko mbali, na upepo unakuja moja kwa moja bila kukutana na kizuizi chochote mpaka ukutane na mbavu zako. Mwezi wa sita watu wanaota moto mchana kweupe. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua, na mvua ya kule haiji peke yake, inakuja na upepo wake. Daktari mwenyewe alikuwa mwenyeji wa hukohuko. Alijua vizuri anamwomba yule mama kitu gani.

Felisian alikuwa karani wa ghala la serikali hadi mwaka tisini na tano, walipokuja wakubwa na orodha ya watu wa kupunguzwa. Ni soko huria sasa, walisema, kila mtu ajitafutie. Basi Felisian akajitafutia baiskeli. Akawa anateremka hadi Kasanga, ziwani, anafunga magunia ya dagaa kwenye keria, anaupandisha ule mlima akisukuma, akifika juu anavuka uwanda wote wa Ufipa mpaka nyumbani Mazwi, pale Sumbawanga. Safari ya siku tatu, nne kifua kikimletea ubishi. Bertilla alimsihi aache. "Niache, tule nini?" Felisian alimjibu, na hakumjibu kwa ukali, alimuuliza tu.

Kwa hiyo likabaki suala la nguo. Sweta la sufu walishalijaribu: upepo unapita humo utadhani umefunguliwa mlango, na likinyeshewa linakuwa zito mpaka linamvuta mtu shingo. Koti la mvua la plastiki nalo walilijaribu, na hilo ndilo lililomlaza mara ya pili. Mvua haikuingia hata tone, ni kweli, ila pale mlimani alitoka jasho ndani ya plastiki mpaka shati likawa la kukamua, akafika juu ameloweshwa na mwili wake mwenyewe, na upepo ukamaliza kazi.

Sokoni kulikuwa na mtu wa Tukuyu aitwaye Ndimyake, muuza mitumba, mwenye maneno mengi lakini mtu wa watu. Alizoeana na Felisian tangu enzi za ghala, na Bertilla alikuwa shemeji yake kwa mazoea hayo. Siku moja mwezi wa kumi, mwaka ule wa pili baada ya mvua za Elinino, akamwita Bertilla kwa mkono kutoka kwenye meza yake.

"Shemeji, njoo uone kitu. Nimekificha tangu marobota yafunguliwe, vijana wasikione."

Lilikuwa jaketi jeusi lenye zipu. Si la plastiki, maana lilikuwa laini na ukilivuta linavutika. Si la sufu pia, ingawa ndani lilikuwa na manyoya mafupi ya kushikika vizuri. Ndimyake hakusema sana, na kwa Ndimyake hilo lilikuwa jambo la ajabu. Alichukua kikombe cha maji akaumwagia mkono wa jaketi. Maji yakajikunja yakawa vitone, vitone vikabingirika mpaka chini, na nguo ikabaki kavu. Kisha akaukunja ule mkono akamwekea Bertilla mdomoni. "Puliza." Bertilla akapuliza mpaka masikio yakamuuma, na Ndimyake aliyeweka kiganja upande wa pili akatikisa kichwa. Hakuna kilichopita.

"Upepo umegota," akasema. "Lakini jasho linatoka, kwa sababu hili halijazibwa kama plastiki, limefumwa kwa kubana tu. Akipanda mlima hachemki. Sasa sikiliza, nisije nikampoteza ndugu yangu. Hili si bati la nyumba. Upepo halipitishi kabisa. Manyunyu na mvua ya wastani, saa nzima, hata na nusu yake. Mvua ya kumwaga ya kutwa, aingie kwenye nyumba ya mtu akae. Na usilichemshe. Usilipige pasi. Maji ya baridi, sabuni kidogo, anika kivulini. Hapo juu limepakwa kitu kinachofukuza maji. Ukilichemsha umeliua."

Bertilla alikuwa na swali moja tu, na ndilo lililokuwa likimkaba. Nguo hizi watu waliziita kafa ulaya, na wengi walilisema jina hilo kwa utani, lakini si Bertilla. Kwao, ukoo wa mama yake, nguo ya marehemu haivaliwi mpaka ichemshwe mara tatu kwa maji ya majivu, ili mwenyewe aiachie. Isipochemshwa, marehemu anaendelea kuivaa, na ugonjwa uliomuua unaendelea kuwa wake na wako. Ndivyo alivyofundishwa, na kila mtumba ulioingia nyumbani kwake ulipitia kwenye sufuria kwanza.

"Hili ni kafa ulaya?" akauliza.

"Hili? Aa, shemeji, hili jipya kabisa, limetoka dukani halijavaliwa na mtu. Tazama lebo."

Lebo ilikuwepo kweli. Bertilla akarudi nyumbani, akabeba kichwani debe la ulezi alioutunza kwa ajili ya pombe ya Krismasi, akabadilishana.

Na jaketi likafanya kazi, tusilinyime haki yake. Novemba, Desemba, Januari, Felisian alikwenda Kasanga na kurudi. Alifika nyumbani mabega yakiwa na vitone vya mvua, anajitikisa mlangoni, navyo vinaanguka chini vyote, shati ndani kavu. Adela, binti yao wa darasa la tatu, alikuwa akimwomba babake asimame amrushie maji kwa kikombe, ili ayaone yanavyobingirika. Kikohozi kikaisha. Felisian akanenepa mashavu. Zamani alikuwa na nailoni mbili, moja ya kufunika dagaa na nyingine ya kujifunika yeye. Sasa zote mbili alifunika dagaa, maana yeye alikuwa na lake. Bertilla akaanza kulala bila kusikiliza pumzi za mtu. Alikuwa amesahau usingizi wa namna hiyo.

Mwezi wa tatu kikohozi kikarudi. Kidogo tu, cha asubuhi, kikavu. Mtu mwingine asingekisikia, lakini Bertilla moyo ulimlipuka.

Wiki hiyohiyo, Felisian yuko shambani, alilichukua jaketi aangalie kama lina tundu. Hakuona tundu, ila ndani, kwenye kifua cha kushoto, aligusa zipu ndogo iliyoganda kwa kutu. Walikuwa wameiona siku nyingi, hawakuijali. Akaipaka nta ya mshumaa, akaivuta taratibu mpaka ikafunguka. Mfukoni mlikuwa na kikaratasi kigumu. Upande mmoja picha ya mzee wa Kizungu mwenye masikio makubwa, anatabasamu. Upande wa pili msalaba, maneno asiyoweza kuyasoma, na tarehe mbili.

Alikimbia nacho kwa jirani yake Evodia, msomaji wa masomo kanisani. Evodia alikitazama mara moja tu.

"Kadi hizi za mazishi nazijua. Padri wetu mmoja alipofariki huko kwao Ulaya, tuliletewa parokiani. Hii ya kuzaliwa, hii ya kufa. Umeipata wapi?"

"Kwenye jaketi la Baba Adela. Mfuko wa kifuani."

Wakatazamana. Labda mwenye jaketi alikwenda tu kumzika mtu mwingine, akapewa kadi akaitia mfukoni, na yeye mwenyewe yuko mzima mpaka leo. Hilo halikumjia hata mmoja wao. Bertilla alichokiona ni kwamba mzee wa watu amekaa kwenye kifua cha mumewe miezi mitano, na kikohozi hiki ni chake. Na alichokiona zaidi ni uongo wa Ndimyake. Jipya, la dukani, tazama lebo. Mtu aliyeweza kudanganya hilo, kwa nini aaminiwe kwa lile jingine? Usilichemshe! Bila shaka alimkataza ili rangi isichuje, Bertilla akaja kudai ulezi wake. Bertilla alikasirika, na jamani, hasira ikipata sababu nzuri hivyo, nani wa kuizuia?

Akawasha moto. Akachuja majivu, akachemsha jaketi mara tatu, kila mara kwa maji mapya, akilisukuma chini kwa mwiko na kumwambia yule mzee kwa upole aende zake, nguo hii ina mwenyewe sasa. Kadi akaichoma. Jaketi akalianika juani juu ya nyasi, kisha akalipiga pasi ya mkaa mbele na nyuma, maana nguo iliyoanikwa nyasini nzi huitagia, na yai la funza nalo lilikuwa la kuogopwa. Kwenye kola pasi ilishika kidogo, kukatoka harufu ya mpira, akaiwahi. Ikabaki alama ndogo ya kung'aa. Aliikunja kola ikaificha. Jaketi lilikuwa safi kuliko siku lilipokuja, na Bertilla, tuseme ukweli, alijisikia furaha. Felisian aliporudi hakumwambia kitu. Jambo la namna hiyo halisemwi kwa anayevaa.

Jumatano Felisian akaondoka kwenda Kasanga. Ijumaa mchana mawingu yakajikusanya upande wa Matai, njia ya Kasanga, meusi, yenye tumbo. Evodia alipita akasema, "Mumeo leo mvua itampata." Bertilla alikuwa anachambua maharage. "Ana jaketi lake," akasema, na akaendelea kuchambua bila wasiwasi wowote. Alifikiri, leo angalau anakwenda peke yake humo ndani.

Jumamosi jioni Felisian aliingia uani akiisukuma baiskeli. Hakujitikisa mlangoni. Magunia yalikuwa yamefungwa vizuri kwa nailoni zote mbili, dagaa wakavu kabisa, wanachakarika. Yeye midomo ilikuwa imekauka na kuwa ya rangi ya majivu, na meno yanagongana mpaka hakuweza kutamka jina la mwanawe. Bertilla akamvua. Jaketi lilikuwa zito, alilikamua likatoa maji mengi, akalikamua tena likatoa mengine. Yale manyoya ya ndani yalikuwa yamekunywa yote na kumlaza Felisian ndani ya maji tangu Ijumaa. Akamwogesha maji ya moto, akampa chai ya tangawizi, akamfunika mablanketi yote ya nyumba na la Adela juu yake.

Jumapili homa. Jumatatu kichomi, upande ule ule wa pafu zima. Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe wa mfugaji mmoja Msukuma aliyekuwa akitoka sokoni. Daktari ni yule yule. Alimsikiliza Felisian mgongoni, akasikiliza tena, kisha akaandika muda mrefu bila kumtazama Bertilla. Dawa zilianza, na Jumanne zikabadilishwa, na Bertilla alijua maana ya dawa kubadilishwa kwa siku moja.

Mama mkwe wake, Cornelia, akaja kutoka Msanzi, akakaa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda asiondoke. Alikuwa mama wa maneno makali, na maneno yake yote siku hizo yalikwenda kwa mtu mmoja: yule mwizi wa sokoni aliyemuuzia mwanawe gunia akaliita jaketi. Aliyasema kwa manesi, kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani, kwa kila aliyekuja kutazama. Mji wetu mdogo. Jumatano Ndimyake akaja, ameshika mkate na chupa ya soda, uso umemshuka.

"Shikamoo mama."

Cornelia hakuitikia. "Umekuja kutazama kazi yako?"

"Mama, nimesikia unayoyasema, sikulaumu. Naomba tu niliangalie hilo jaketi."

Lilikuwa limetundikwa kwenye chuma cha kitanda, Bertilla alikuja nalo siku ile ya mkokoteni na hakupata akili ya kulirudisha. Ndimyake alimimina maji kidogo kutoka kwenye kikombe cha mgonjwa juu ya mkono wa jaketi. Maji hayakujikunja. Yalitulia, kisha yakazama, pakabaki doa. Akaigeuza kola akaiona ile alama ya kung'aa, akaigusa kwa kidole. Akamtazama Bertilla, na hakumtazama kwa ushindi. Ingekuwa afadhali.

"Hili limechemshwa," akasema polepole. "Na limepigwa pasi."

Cornelia akageuka. "Limechemshwa na nani?"

Bertilla akamgeukia Ndimyake. Alifungua mdomo. "Wewe uliniambia ni jipya," alimwambia Ndimyake, na sauti ikamtoka nyembamba. "Uliniambia halijavaliwa na mtu, kumbe..."

"Mimi." Sauti ilitoka kitandani. Felisian alikuwa amefumba macho tangu asubuhi, wakidhani kalala. Alivuta pumzi mara tatu kabla ya neno la pili, na kila pumzi ilikwaruza. "Mimi ndiye niliyemwambia. Lilinuka jasho. Akakataa, nikamlazimisha. Muacheni."

Ndimyake aliinamisha kichwa, kwa sababu naye alikuwa na lake, ule uongo wake wa jipya la dukani, na hakuusema. Cornelia akashika kichwa kwa mikono miwili. "Felisian mwanangu," akasema, "ubishi wako huu. Ubishi wako." Alilia huku akigombana naye, kisha akainuka kumsindikiza Ndimyake nje ili amwombe radhi, maana alikuwa mkali lakini hakuwa dhalimu.

Wakabaki wawili. Bertilla alipiga magoti karibu na mto.

"Ulijua lini?"

"Njiani. Pale Msanzi, mvua ilipoanza. Nikaona haibingiriki." Akapumzika. "Nikageuza kola."

"Kwa mama yako ni palepale, Baba Adela. Mbona hukuingia ukae?"

"Nilishapita. Nikasema ni manyunyu, yataisha."

"Na nyumbani hukuniambia kitu."

Felisian alimtazama. Macho yake yalikuwa makubwa, homa imeyafanya yang'ae. "Ningesema ili iweje?"

Bertilla alianza kumweleza habari ya kadi, ya yule mzee, ya kikohozi, ya majivu, maneno yanapandana, lakini Felisian alishafumba macho, na Bertilla hakujua ni wapi mwenzake aliacha kusikia. Akamshika mkono akaendelea kueleza hata hivyo. Alitaka aambiwe amekosea, atukanwe, apigwe kofi hata. Mkono ulikuwa wa moto na haukumbana wala haukumsukuma.

Alikufa Ijumaa asubuhi, kabla uji haujaletwa wodini.

Walimzika Jumamosi, kwa manyunyu. Watu walijaa pale Mazwi, wa ghala la zamani, wa kanisani, wauza dagaa na baiskeli zao. Ndani, wanawake walikaa kwenye mikeka, na Bertilla akakaa katikati yao amefunikwa khanga kichwani, Adela amelala mapajani mwake. Na wewe unajua misiba. Baada ya kilio huja maneno, na maneno yalikuwa yale yale yanazunguka mkeka. Mtu amepata jaketi zuri namna ile, limemlinda kutwa kucha, anakwenda kulichemsha. Mkewe kamkatalia, yeye hataki. Eti linanuka jasho. Mwanamke mmoja wa pembeni aliguna, akasema wanaume wakishika neno lao ndivyo walivyo. Mwingine akacheka kidogo puani, akajizuia kwa heshima ya msiba.

Evodia alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwa Bertilla. Alikuwa anayatazama magoti yake.

Bertilla akainua kichwa. Alitaka kusema. Maneno aliyapanga tangu asubuhi: ni mimi, nililichemsha mimi, hakujua, hakuniambia kitu hata kimoja. Yalikuwa machache tu, na mtoto alikuwa usingizini, asingeyasikia. Alimtazama Evodia, na Evodia hakuinua uso. Alimtazama mama mkwe wake.

Cornelia alimsogelea, akaushika mkono wake akaupapasa, kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha katika miaka kumi na mmoja ya ndoa. "Pole, binti yangu. Ulimkataza, Mungu ameona. Mwanangu alikuwa mbishi tangu utoto wake."

"Ndiyo, mama," Bertilla akasema. "Alikuwa mbishi."